Mataifa ya Meza ya Pasi

Kabla hujatia nguo ya mtu kwenye mashine, tia kwanza mkono mfukoni. Hilo ndilo somo la kwanza la dobi, na nalitoa mapema kwa sababu nawajua nyinyi vijana, mkielezwa kitu kirefu mnasinzia. Mimi nimetia mkono kwenye mifuko ya watu wa dunia nzima. Nimetoa tasbihi, nimetoa funguo za magari ya fahari, nimetoa tende zilizotafunwa nusu, na siku moja nikatoa meno ya bandia, yale yote ya juu, yananichekea mkononi. Mwenyewe alishuka mbio kutoka ghorofani amefunika mdomo kwa taulo. Tangu siku hiyo kila tukikutana hunikonyeza, nami namkonyeza, tukawa watu wa siri moja.

Jina langu Omari, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Nimestaafu, na kazi yangu siku hizi ni kumwagilia mchicha na kugombana na mbuzi wa jirani. Lakini vijana mnaosubiri viza za Doha hamnipi nafasi. "Mzee Omari, hebu tupe habari za kule." Mnachotaka kujua ni joto, chakula na mshahara. Joto utalizoea lakini hutalipenda. Chakula nitakifikia. Mshahara muulize ajenti wako, umwone atakavyokohoa. Habari ambayo hamniulizi kamwe ndiyo ninayoitaka mimi: jinsi Waromania wa zamani, raia wa dola iliyokufa kabla babu yangu hajabaleghe, walivyotufunza sisi watu wa pasi kudai haki. Msicheke. Kaeni.

Hoteli yetu ilikuwa ya ufukweni, na jina lake nalimeza. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, Doha inachimbwa kila pembe, na hata uwanja mpya wa ndege ulikuwa haujafunguliwa. Sisi tulilala Najma, kwenye jumba la ghorofa lililozungukwa na maduka ya kadi za simu na vinyozi. Kila asubuhi basi la kampuni lilitubeba hadi mlango wa nyuma wa hoteli, tunashuka ngazi, tunaingia dobini chini ya ardhi. Wageni juu wanaona bahari. Sisi tunaona shuka zao.

Sasa sikilizeni mpango wa dobi lile ulivyokuwa. Wafilipino walikaa kwenye simu na kaunta ya kupokea nguo. Wanepali walishika mashine za kufulia. Wahindi wa Kerala walishika pasi. Na sisi Waafrika, Wakenya na Waganda, tulikuwa kwenye kuchambua nguo chafu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, lakini jaribu kuivuka uone. Hata viti vya kunywea chai vilikuwa na wenyewe.

Kuchambua si kazi ya kudharau, nakwambia. Ndiko nilikojifunza kwamba damu ni maji baridi, ukiipa maji moto umeipikia humo humo. Rangi ya mdomo usiisugue, igeuze nguo upande wa ndani uisukume itoke ilikoingilia. Mafuta ya biriani yanyunyizie poda, uyaache yanywewe kwanza. Na taulo iliyolala na maji usiku kucha usiipeleke puani, mwanangu, mimi nilifanya hivyo mara moja tu nikakosa hamu ya chakula cha mchana. Lakini hata ukiwa bingwa wa madoa, huko uliko ndiko ulipo. Aliyeshika pasi ndiye aliyeitwa fundi. Na juu ya mafundi wote palikuwa na meza moja, meza ya thobe, yaani ile kanzu nyeupe ya Waqatari, pamoja na ghutra, kile kitambaa cha kichwani kinachotiwa wanga hadi kikasimama mbele kama ukingo wa paa. Aliyesimama meza ile alijulikana hadi ghorofa ya juu, na akiondoka aliondoka na ufundi wa kufungulia duka lake popote.

Mimi niliitaka meza ile. Niliitaka vibaya. Nimekulia kwenye kibanda cha dobi cha ami yangu, nimepiga kanzu za mabwana harusi kwa pasi ya makaa kabla sijaota ndevu. Nikamwendea meneja wa dobi, Mista Collins, Mwingereza mpole anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikamwambia, "Bosi, nijaribu kwenye pasi."

Akaniwekea mkono begani. "Omari, wewe ni hodari mno pale ulipo. Siwezi kukupoteza."

Nikashukuru! Nilikuwa nimeshafika nusu ya ukumbi ndipo nikatambua kwamba nimesifiwa na kurudishwa kwenye nguo chafu.

Mama Viorica alituingilia kwa njia ya ugali. Huyu alikuwa fundi cherehani wa hoteli, Mromania, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na ndiye pekee wa taifa lake dobini. Alishona sare zetu, akatia vifungo, akanung'unika peke yake kwa Kiromania. Hakuwa na meza ya taifa ya kunywea chai, kwa hiyo alikunywa chai kwenye cherehani.

Tulikuwa na dada mmoja Mganda kwenye kuchambua, Nabirye, mtu wa Iganga, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha jengo. Ijumaa moja mchana Nabirye akamkaribisha Mama Viorica nyumbani Najma tule pamoja. Nabirye anasonga ugali, ambao yeye anauita posho, mama wa watu yuko kitini anafuta jasho. Sufuria ikapinduliwa juu ya sinia. Mama Viorica akaruka kutoka kitini.

"Mamaliga!"

Tukadhani ameungua. Akalizunguka lile sinia, akalinusa, akaligusa kwa kidole, macho yamejaa machozi. "Mamaliga! Hiki ni chakula cha kwetu! Unga wa mahindi! Bibi yangu alikipika kila siku!" Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa uzi wa cherehani, akaushika kwa mikono miwili, akaupitisha chini ya ugali na kuuvuta juu. Ugali ukakatika vipande vilivyonyooka, si mchezo.

Barasa, mwenzetu kutoka Bungoma, akabaki na tonge hewani. "Mama, hii ni chakula ama ni suti unatushonea?"

"Kwetu mamaliga haikatwi kwa kisu," akasema. "Inakatwa kwa uzi."

"Banange!" Nabirye akapiga makofi. "Leo nimeona mzungu wa posho."

Tangu hapo kila Ijumaa Mama Viorica alikuwa kwetu, na maziwa yake ya mgando na jibini ya kusagia juu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na Kiarabu chake cha sokoni, lakini kwa ugali mtu huelewana. Na ni katika Ijumaa hizo alipotupa habari za kwao.

Alizaliwa Transilvania. Alisema zamani, enzi za babu wa babu yake, nchi ile ilikuwa chini ya dola moja kubwa ya Austria na Hungaria, yenye mataifa mengi chini ya mfalme mmoja aliyekaa Vienna. Waromania ndio waliokuwa wengi Transilvania, ndio waliolima, ndio waliochunga kondoo. Lakini tangu enzi na enzi mataifa yaliyohesabiwa pale yalikuwa matatu tu, na Waromania hawamo. Wale watatu, Wahungari wakiwa mbele, walikuwa na viti vyao barazani. Waromania waliitwa wanaovumiliwa.

"Wana nini?" Barasa akauliza.

"Wanaovumiliwa. Yaani mpo, tunawaona, tunakula mlichopanda, hatuwafukuzi. Lakini hamhesabiwi."

Barasa akanawa mkono upesi upesi kama aliyeitwa kazini. "Wasee," akasema, "hao watu ni sisi. Hii maneno lazima iende kamati."

Nyinyi mnacheka kwa sababu mnatujua. Weka Wakenya watatu kwenye chumba, ukirudi utamkuta mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Barasa akawa mwenyekiti kwa kujipendekeza mwenyewe na kujiunga mkono mwenyewe. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu, ati, watu wa Pwani mna maneno mazuri. Kulikuwa na naibu mwenyekiti, naibu katibu, mratibu, na mlezi. Mwanachama wa kawaida alikuwa mmoja, na naye akatishia kujiuzulu asipopewa cheo. Vikao vikafanyika kila Ijumaa, ajenda ikasomwa, kumbukumbu zikathibitishwa, na Nabirye akatupikia chapati.

Mama Viorica alituhadithia walichofanya wazee wao. Waliandika waraka mrefu wa kumweleza mfalme dhuluma zote: lugha yao ilivyobanwa shuleni, kura zao zilivyopunjwa, haki ya kukusanyika ilivyobaki jina. Wakapanda treni, mamia ya watu, mapadri, mawakili, wakulima waliovaa nguo zao nyeupe za sikukuu, hadi Vienna.

"Mfalme akasemaje?" nikauliza.

"Hakuwapokea."

"Na waraka?"

"Akaupeleka kwa serikali ya Wahungari, waliopewa kuitawala Transilvania. Wale wale walioshtakiwa ndani yake. Nao wakaurudisha ulikotoka, haujafunguliwa."

Barasa akasema hilo ni kosa la uandishi tu, sisi tutaandika vizuri zaidi. Tukaandika. Ee Mungu wangu, tuliandika! Kiingereza cha Barasa kilikuwa cha mkutano wa wazazi na walimu, kila sentensi imevaa tai. Sisi, Wakenya wa idara ya dobi, tukiwa na akili timamu. Sisi, Wakenya, tukizingatia hili na lile. Mwisho tukaomba kwa heshima na taadhima kwamba nafasi ya meza ya thobe, iliyokuwa inaachwa na fundi mmoja anayerudi kwao, apewe Mkenya. Na Mkenya huyo, kwa kuwa anajua kanzu tangu utotoni, ni Omari. Nilipousoma nilijiona nimesimama pale mezani.

Tuliutia kwenye bahasha, tukaufunga, Barasa akampelekea Mista Collins amevaa shati la kanisani.

Siku mbili tatu zikapita. Kisha akaja Kutti, mkuu wa meza za pasi, Mkerala mwenye masharubu meupe ambaye hakuwahi kutusemesha zaidi ya salamu. Akaja hadi kwenye rundo letu la shuka. Mkononi ana bahasha yetu. Haijafunguliwa. Mista Collins alikuwa amemkabidhi yeye, maana mambo ya pasi ni ya Kutti. Na Kutti akairudisha, tena kwa adabu, amebeba na kisahani cha peremende.

Nilidhani Mama Viorica atatulilia. Alicheka! Alicheka mpaka akaegemea cherehani, miwani ikaning'inia. "Miaka yote hii," akasema akijifuta macho, "na wakubwa hawajabuni njia mpya!"

"Mama, sisi tumeumia, wewe unacheka?" Barasa akanuna.

"Nacheka ili nisiwatukane. Nipeni nisome."

Akafungua. Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, midomo ikitikisika. Alipomaliza akauinua uso. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nabirye yuko wapi humu?"

Tukatazamana. Nabirye alikuwa pale pale, anakunja foronya.

"Nabirye ni Mganda, Mama," akasema Barasa. "Waganda wanaweza kuandika wa kwao."

"Wako wangapi Waganda hapa?"

"Ni yeye na mwenzake mmoja."

"Aa. Wachache. Kwa hiyo mnawavumilia."

Wallahi, ningependa kuwaambia kwamba mimi nilisema neno. Sote tulikuwa tumetazama sakafu, na sakafu ya dobi haina cha kutazamwa. Nabirye ndiye aliyezungumza, bila kuacha kukunja. "Mimi sikusema kitu. Mlikula chapati zangu mkaandika sisi Wakenya, sisi Wakenya. Nikasema sawa, labda Mganda hana mikono."

Hapo ndipo Mama Viorica alipotupa kile kipande cha habari ambacho alikuwa hajatupa. Wale Wahungari, alisema, wao wenyewe walilia miaka mingi chini ya Vienna. Walipigania lugha yao, wakafungwa, wakauawa. Walipokuja kupewa nusu ya ufunguo wa dola, kitu cha kwanza walichofanya ni kuwafungia mlango waliokuwa chini yao. Na Waromania nao, ile nchi ilipokuja kuwa yao, Wahungari ndio wakawa wachache ndani yake. "Waulizeni majirani zangu Wahungari kama tuliwahesabu vizuri," akasema. "Mimi nimekua nao. Najua jibu, na jibu hilo linanitia haya."

Kisha akasema jambo jingine. Waraka ule uliporudi, wenyewe hawakuutia kabatini. Waliuchapisha, ukasomwa kila mahali, na kwa ajili hiyo wakashtakiwa na kufungwa jela. Siku za kesi wakulima walifurika nje ya mahakama, babu wa babu yake akiwa mmoja wao, akalala barabarani. "Na ndani ya mahakama, mnajua nani walisimama kuwatetea? Walikuwemo mawakili wa Kislovakia. Walikuwemo Waserbia. Watu wa mataifa mengine waliobanwa kama wao. Nyinyi hata mpishi wenu mmemwacha mlangoni."

Barasa alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini nampa haki yake, alijua kushindwa. Aliichukua ile karatasi akaichana. "Sawa," akasema. "Kamati imevunjwa. Dada Nabirye, tusaidie."

"Vikao hapana," Nabirye akasema.

"Vikao hapana."

"Basi mimi nataka mtihani."

Wazo lake lilikuwa fupi kuliko aya ya kwanza ya Barasa. Kila anayetaka meza ile, awe wa taifa lolote, apige thobe moja na ghutra moja. Zitundikwe kwa namba bila jina. Iliyo bora ichaguliwe, mwenye namba atoke. Na hakimu awe Kutti.

"Kutti!" nikapiga kelele. "Si ndiye aliyeturudishia bahasha?"

"Ssebo, wewe unamwogopa. Mimi nitamuuliza."

Akaenda kweli, wakati wa chai, akaketi kwenye kiti cha Wakerala. Tuliona kwa mbali. Walikaa muda. Baadaye alitueleza kwamba Kutti mwenyewe alipofika Doha alitupwa kwenye nguo chafu, miaka kwa miaka, kwa kuwa meza zile zilikuwa za watu wa taifa jingine. Alipozipata aliapa hazitatoka tena mikononi mwa watu wake. Na ile nafasi iliyo wazi alikuwa amemwahidi mpwa wake, viza inashughulikiwa. Kwa hiyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuvumiliwa, na hataki kurudi huko.

"Nikamwambia mpwa akija naye atafanya mtihani wa nafasi itakayofuata," Nabirye akasema. "Nikamuuliza kama anaogopa mpwa wake hajui kazi. Akakasirika, akakubali."

Kwa Mista Collins hatukupeleka bahasha. Tulikwenda wenyewe, saa ya mapumziko, hakuna mashine iliyosimamishwa. Wakenya, Waganda wawili, Wanepali wa mashine wote, Mfilipino mmoja wa kaunta aliyechoka na simu. Mama Viorica alisimama nyuma kabisa, sindano bado iko mdomoni. Sitawadanganya, niliogopa. Kule ukiambiwa umeleta fujo unaweza kujikuta uwanja wa ndege na begi lako, na mimi nilikuwa na watoto shuleni. Nikawa nawaza, Omari, rudi ukachambue taulo zako. Lakini nilitazama kushoto nikamwona Mnepali anaogopa kuliko mimi, nikapata nguvu.

Nabirye akasema, "Bosi, tupe nguo tupige. Anayeshinda akae mezani. Kutti amekubali."

Mista Collins akamtazama Kutti. Kutti akatikisa kichwa kile kitikiso chao ambacho hujui ni ndiyo au siyo, ila safari hii tulijua. Mista Collins akatutazama sote, akakuna shingo. "Basi," akasema kwa sauti ile ya kutoamsha mtoto, "sioni ubaya."

Siku ya mtihani niliamka mtu wa furaha. Nani hapa anajua kanzu kama mtoto wa Majengo? Tuliingia mmoja mmoja kwenye chumba cha pasi, mlango umefungwa, Mama Viorica ndiye mshika namba, akizigawa bila kufuata zamu. Nilivyopiga thobe ile, ami yangu angelia. Mgongo umelala kama karatasi, pindo limenyooka. Ghutra nikaitia wanga, ikasimama. Nikatoka nikifuta mikono kwa madaha. Nabirye alikuwa wa mwisho kuingia. Barasa pia alifanya mtihani, akatoka na kidole kimeungua.

Zikatundikwa. Kutti akapita, mikono nyuma. Alipomaliza akasema hataki kuchagua peke yake, wasije watu wakasema maneno, kila aliyeshiriki aonyeshe ile anayoiona bora isiyo yake. Nikapita nami. Namba hii imekauka kwa moto mwingi. Hii mkono umepinda. Nikafika namba nne nikasimama. Loh! Kila kitu kilikuwa mahali pake, na kola imesimama kali, ncha zake mbili zinalingana kama macho ya mtu mmoja.

Nikageuka kuitazama kola yangu. Kila ncha ilikuwa na mkunjo mdogo, kama inatabasamu vibaya.

Mnajua kosa langu? Kanzu ya Mombasa haina kola! Maisha yangu yote ya kanzu nilipiga shingo ya duara. Thobe ya Qatar ina kola ya shati, ngumu, na mimi niliianza katikati nikasukumia nje, mkunjo wote ukaenda kukwama nchani. Kola huanzwa nchani kwenda katikati, na huwa ya kwanza, si ya mwisho. Mtoto wa shule anayepiga shati lake analijua hilo. Mimi kwa kiburi cha Majengo sikulijua.

Nikasema, "Namba nne." Nilisema kwa sauti, na iliniuma.

Barasa akaja, akaitazama namba nne kwa furaha, akanikonyeza, akidhani nimejichagua mwenyewe kwa ujanja. "Namba nne! Kazi ya Pwani hiyo, hata kipofu anaiona!" Wanepali wakasema nne. Mfilipino akasema nne. Kutti akaishika kola ile kwa vidole viwili, masharubu yakacheza. "Nne," akasema.

Mama Viorica akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. "Namba nne atoke."

Akatoka Nabirye.

Barasa alifungua mdomo. "Lakini huyu si Mke—" Akajisikia mwenyewe. Akaufunga mdomo, kisha akaanza kupiga makofi, peke yake, kwa nguvu zote, na kile kidole chake kilichoungua, mpaka tukamfuata. Dobi zima likavuma. Mimi nilipiga makofi huku kifua kimejaa. Niliitaka meza ile, jamani. Na wakati huo huo nilikuwa na furaha isiyo na maelezo, nikawa nacheka na kutokwa na machozi, Mnepali akanipa taulo, chafu.

"Ulijifunza wapi?" nikamuuliza.

"Nimepiga mashati ya shule ya bweni Iganga tangu nina miaka kumi na mbili. Na hapa, kila nikileta mzigo safi, wewe ulikuwa unaangalia saa ya chai. Mimi nilikuwa naangalia mkono wa Kutti."

Kesho yake tulikuwa kwenye shuka zetu chafu tulipomsikia anatuita. Tukaenda. Nabirye amesimama chumba cha pasi, sare mpya iliyoshonwa na Mama Viorica, mikono kiunoni. Meza zile za pasi, tangu dobi lilipojengwa, zilikuwa zimesukumwa hadi ukutani. Fundi hufanya kazi amewapa watu mgongo, huoni anachofanya ila bega lake. Ndivyo ufundi ulivyobaki ndani ya taifa moja, si kwa kufuli, ni kwa mgongo tu.

"Kaka Omari, shika pembe hiyo," akasema. "Barasa, ile."

"Tunaipeleka wapi?"

"Katikati. Nataka mtu aweze kusimama upande wa pili aone."

Tukashika, na yeye ya tatu. Meza ya chuma, nzito, haikwenda popote. Tukasukuma tena, Barasa anatoa amri kama mwenyekiti, haikwenda. Kutti alikuwa akitutazama muda wote kutoka meza yake. Akaweka pasi chini. Akaja taratibu, akanisogeza kwa kiwiko, akainama akashika pembe ya nne.

"Moja, mbili," akasema kwa Kiswahili, sijui alijifunza lini, na sote wanne tukainua.